Wasomaji wanauliza: kale kakipepeo ka bluu kwenye nyasi ni kapi hasa?

Tangu mvua zianze tunapokea picha za kitu kimoja tu, kakipepeo kadogo ka bluu, zingine zimetoka safi zingine ni ukungu mtupu, na karibu wote mnauliza jina lake. Nimechagua maswali machache ambayo majibu yake yatawafaa na wengine. Niseme mapema tu, hakuna kipepeo mmoja anayeitwa "yule wa bluu", wapo wengi sana na wengi wao wanafanana ukiwaona wanaruka, na hiyo bluu inayowavutia ndo itakayokusaidia kidogo kuliko kitu kingine chochote. Jina lipo upande wa chini wa bawa.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina uwanja wa ukoka mbele ya nyumba hapa Morogoro, asubuhi jua likishachomoza wanaanza kuruka vipepeo wadogo wa bluu chini chini kabisa, hawapandi hata usawa wa goti, nikisogea nione vizuri wakitua bluu inapotea nabaki naona kitu cha kijivu chenye vidoadoa. Nimekutumia picha mbili, moja kafungua mabawa na nyingine kafunga. Ni kipepeo gani, na hao wa kahawia wanaoruka nao ni aina nyingine au? – Mama wa Morogoro

JIBU: Mama asante sana kwa kutuma zote mbili, ungenitumia ile ya mabawa wazi peke yake nisingethubutu kukutajia jina. Huyo ni Zizeeria knysna, mmoja wa vipepeo wa bluu wa kwenye nyasi waliozoeleka kuliko wote Afrika yetu. Jina lake la pili ni la mji wa Knysna kule Afrika Kusini, alilipewa na Roland Trimen mwaka 1862, ila usije ukadhani ni mgeni hapa, yupo uwanjani, kando ya barabara, shambani, kwenye viwanja vya shule, popote penye majani mafupi na jua la kutosha.

Sasa tumwangalie vizuri. Ukimpima kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa jingine dume ana milimita 18 mpaka 23, jike anazidi kidogo, 21 mpaka 26, yaani akifunga mabawa anakaribia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Juu dume ni bluu iliyoelekea zambarau, siyo bluu kali ya kumeremeta, na imezungukwa na ukingo mpana wa kahawia iliyokolea, halafu mwisho kabisa wa bawa kuna vinyoya vyeupe vyembamba. Hao wa kahawia wanaoruka nao ni majike wa aina hiyo hiyo, siyo aina nyingine, ukimpata jike katulia jua la asubuhi mabawa nusu wazi utaona bluu kidogo tu pale karibu na mwili, wengine hata hiyo hawana.

Upande wa chini ndo penyewe. Rangi ni kijivu chenye ukahawia, na juu yake kuna madoa meusi madogo, kila doa lina duara jembamba jeupe limelizunguka, na yamejipanga msitari uliopinda kufuata umbo la bawa. Hebu ivute ile picha yako ya pili, tazama bawa la mbele, kati ya mwili na kile kistari kifupi cha katikati ya bawa utaona doa moja dogo limekaa peke yake. Doa hilo ni muhimu sana. Kuna ndugu yake wa jenasi (yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Zizina ambaye ukimwona anaruka huwezi kabisa kuwatofautisha, ukubwa ule ule, mahali pale pale, ila yeye hapo katikati hana doa, pako wazi. Na kuna mwingine tena, Zizula hylax, huyu ni mdogo zaidi, mabawa yake membamba, anaruka kwa unyonge unyonge kama hana haraka, na yeye ukitazama ukingo wa mbele kabisa wa bawa la mbele utakuta vidoa viwili vidogo sana vimekaa pale pembeni. Wa kwako hana hivyo vidoa, ana lile la katikati, kwa hiyo jina nimekupa kwa uhakika.

Na kitu kingine, tazama pia ambavyo HANA. Hana mkia kwenye bawa la nyuma, hana rangi ya chungwa popote, hana doa la kumetameta. Ukikuta kimojawapo kati ya hivyo basi siyo yeye, usijilazimishe.

Kwa nini wamejaa kwako? Nina hakika kwenye huo ukoka kuna kile kimmea kinachotambaa, majani matatu matatu yenye umbo la moyo, maua madogo ya njano, watoto wanakitafuna kwa vile ni kichachu. Kitaalamu ni Oxalis corniculata, na viwavi wa kipepeo huyu wanakula hicho, wanakula na mbigili, na wanakula mchicha pia, hasa ule unaojiotea wenyewe. Geuza majani taratibu uangalie chini, kiwavi ni mdogo, wa kijani, bapa, kichwa kakificha chini ya mwili, na akiwa bado mchanga anakwangua jani upande wa chini tu anaacha ngozi ya juu, kwa hiyo jani linakuwa na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Ukiona hivyo vidirisha ujue upo karibu naye. Na mchicha wako wa kula usiuhofie mama, hawa siyo watu wa kumaliza tuta.

SWALI: Jambo dada, mimi ni mkulima huku Machakos, nina kunde na mbaazi. Maua yakianza kutoka kunakuja kipepeo wa bluu ana mikia miwili miembamba kama nywele, anatua kwa maua anazunguka zunguka, halafu baadaye napata viwavi ndani ya maganda. Jirani yangu amesema nipige dawa mara moja. Huyu ni adui ama ni bure tu? – Mkulima wa Machakos

JIBU: Kaka huyo mwenye mikia ni Lampides boeticus, na mikia hiyo imekuokolea nusu ya kazi. Ni mkubwa kuliko yule wa mama wa Morogoro, anafika milimita 24 mpaka 34 hivi. Akifunga mabawa huoni madoa bali mistari, mistari mingi ya kahawia na nyeupe inayopinda pinda bawa zima, na karibu na ukingo wa nje kuna utepe mmoja mpana mweupe unaoonekana wazi kuliko mingine. Utepe huo ukiuona basi kazi imekwisha, ni yeye. Mwisho wa bawa la nyuma, pale mkia unapoanzia, kuna madoa mawili meusi yenye rangi ya chungwa juu yake.

Mikia na yale madoa siyo pambo. Mtazame akiwa ametua, atakuwa anasugua mabawa ya nyuma juu na chini, mkia unachezacheza, ukiwa mbali unaona papasi (zile antena za kichwani) na macho, yaani unaona kichwa kimekaa mkiani. Ndege au mjusi akija anadonoa huko nyuma, kipepeo anapoteza kipande cha bawa na roho inabaki. Ndo maana unawakuta wengi wakubwa wamenyofolewa sehemu ile ile, nyuma, pande zote mbili sawasawa, kwa vile alidonolewa mabawa yakiwa yamefungwa. Sasa hapo ndo penye mtego wa kumtambua, mkia ukishang'olewa watu wanasema ni aina nyingine isiyo na mkia. Rudi kwenye mistari na ule utepe mweupe, hiyo haidanganyi.

Tuje kwenye dawa. Ni kweli huyu kiwavi wake anakula maua na mbegu za jamii ya kunde, mbaazi, njegere, choroko, hata ile mitoo inayopikwa mboga, jike anataga yai moja moja kwenye vichipukizi vya maua, kiwavi akitoka anatoboa anaingia. Lakini kabla hujanunua dawa naomba upasue maganda uangalie aliyemo ndani. Kiwavi wa huyu kipepeo ni mfupi, bapa, mpole, anatambaa kwa kuteleza, kichwa hakionekani, rangi kijani au kahawia kutegemea na anachokula. Ukikuta kiwavi mrefu mwembamba, mweupe mweupe mwenye vidoa vyeusi vimepangwa kila pingili, na maua yameunganishwa kwa utando, huyo ni Maruca, ni mtoto wa nondo, na huyo ndo anayewaliza wakulima wa kunde Afrika nzima. Ukikuta mnene mwenye mistari ya urefuni, kichwa kipo wazi nje, anakula mbegu za mbaazi moja baada ya nyingine, huyo ni Helicoverpa, naye ni nondo. Kipepeo mzuri anaruka mchana kweupe kila mtu anamwona, nondo wanakuja usiku hakuna anayewaona, asubuhi lawama yote inamwangukia huyu wa mchana. Inaniuma kwa kweli, maana dawa inapigwa maua yakiwa wazi na nyuki ndo wanakufa. Ukikuta ni hawa wa bluu na ni wachache, toa kwa mkono maganda yaliyotobolewa, inatosha.

SWALI: Assalam alaykum dada. Mie kwetu Tanga lakini nnaishi Muscat miaka mingi. Kwenye bustani yetu na kwenye mashamba ya jati nnakiona hichi kipepeo kidogo cha bluu ambacho wallahi ni kile kile cha nyumbani. Ni kimoja au macho yangu tu? – Bibi wa Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam bibi, shikamoo. Macho yako yako sawa kabisa ila kuna kitu cha kuongeza. Huko uliko anayetawala ni Zizeeria karsandra, pacha wa knysna wetu, na wamefanana kiasi kwamba kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wanawahesabu kuwa aina moja, mpaka leo kuwatenganisha kwa uhakika inabidi kuangalia viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Karsandra anaanzia pande za Mediterania, anapita Arabuni, India, anafika mpaka Australia, huyu wetu ndo wa Afrika. Jati, yaani alfalfa ile ya kulishia mifugo, ni chakula cha viwavi wake ndo maana umemkuta hapo. Na ukiona mwenye mikia na utepe mweupe kwenye maua ya kunde za bustanini, huyo sasa ni Lampides yule yule wa Tanga bila tofauti yoyote, yeye ni msafiri mkubwa, anapatikana Afrika, Ulaya ya kusini, Asia mpaka Australia, na miaka mingine anavuka bahari mpaka kusini mwa Uingereza.

SWALI: Habari mwalimu. Mwanangu alimshika mmoja wa hao wa bluu, vidole vikabaki na unga wa kijivu na pale alipomshika bluu imetoka kabisa. Ule unga si wa bluu, sasa bluu imeenda wapi? – Baba wa Dodoma

JIBU: Swali zuri sana hili, mpongeze mtoto. Ule unga ni magamba, bawa lote limefunikwa na magamba madogo yaliyopangwa yakilaliana, kidole kikigusa yanabanduka. Na bluu yao siyo rangi iliyopakwa. Kila gamba lina matabaka na vinafasi vidogo sana ndani yake, mwanga wa jua ukiingia humo unarudishwa ule wa bluu tu, na chini kuna rangi nyeusi inayoumeza mwanga uliobaki. Kwa hiyo gamba likitoka mahali pake likalala ovyo ovyo kwenye kidole, ule mpangilio wa bawani haupo tena na bluu haionekani.

Hii inahusu sana utambuzi ndo maana nimeipa nafasi. Kipepeo huyo huyo ukimtazama ukiwa upande wa jua ni bluu, ukizunguka upande wa pili anaonekana wa kijivu cha zambarau, kukiwa na wingu ni kahawia tu. Akizeeka magamba yameisha anafifia. Jike anaweza asiwe na bluu kabisa. Na kiangazi hata madoa ya chini kwa hawa wa nyasi yanafifia wengine, masika yanakolea. Sasa ukiniandikia "ni bluu ya bahari" au "ni bluu ya shati la shule" mi sina la kufanya na maelezo hayo, ila ukiniandikia madoa yana duara jeupe, mkia hakuna, chungwa hakuna, nimeshakuelewa.

Mtoto asimshike tena mabawani, akitaka kumtazama karibu amfunike na glasi isiyo na rangi kwenye ua alilotua, amwangalie dakika mbili tatu kivulini, amwachie.

SWALI: Niaje. Nilipiga picha ya kipepeo pale Karura, Nairobi, ana mkia na chini amejaa mistari ya kahawia na nyeupe, programu ya simu ikaniambia Leptotes pirithous, rafiki yangu akaweka picha yake ikaambiwa jina lingine na ni kama ni huyo huyo. Nani ako sawa? – Mwanafunzi wa Nairobi

JIBU: Inawezekana nyote mko sawa na inawezekana hakuna. Kwanza umefanya vizuri kuangalia chini. Mistari ipo, mkia upo, madoa mawili mkiani yapo, ila ule utepe mpana mweupe wa Lampides haupo, mistari imekatika katika imevurugika zaidi, kwa hiyo ni Leptotes, mpaka hapo simu imesema kweli. Shida ni hatua inayofuata. Afrika tunao Leptotes kadhaa, pirithous, brevidentatus, babaulti, jeanneli, na hawa kwa picha hawatenganishiki, hata mtu aliyewasoma maisha yake yote akiwa na kipepeo mkononi anahitaji kuchunguza viungo vya uzazi vya dume ndo aseme. Programu inachagua pirithous kwa sababu ndo jina lenye picha nyingi zaidi, haijaona kitu ambacho wewe hujaona.

Andika tu "Leptotes" uishie hapo. Vijana wengi wanaona kuandika jina nusu ni aibu, wanataka jina kamili liwe refu lipendeze, lakini rekodi yenye jina nusu lililo sahihi inatumika miaka yote, yenye jina kamili la kubahatisha inaharibu ramani nzima ya aina hiyo. Andika na alikuwa kwenye mmea gani. Kama kwenu kuna ule mti wa bustani wenye mashada ya maua ya samawati hafifu, vikonyo vyake vinanata nata kwenye nguo, Plumbago, utawakuta majike wanataga humo.

SWALI: Dada, pembeni ya bomba la kijiji huku kwetu Singida panapotota maji wanakusanyika vipepeo wadogo kibao wamekaa tu kwenye tope, ni wagonjwa? – Msomaji wa Singida

JIBU: Wazima kabisa. Wananyonya chumvi chumvi iliyoyeyuka kwenye tope, na karibu wote hapo ni madume, chumvi hiyo wanaihitaji na sehemu yake wanampa jike wakati wa kupandana. Huko kwenu kwenye migunga mingi wengi wao watakuwa Azanus, viwavi wao wanakula maua na vichipukizi vya migunga. Hapo bombani ndo mahali pazuri kuliko pote pa kujifunzia maana wametulia, mabawa wamefunga, upande wa chini wote upo wazi mbele yako, piga magoti taratibu kivuli chako kisiwapite.

Ukiwa hapo chini tafuta na kengine, kadogo kuliko wote, kanakaa kwenye udongo mtupu karibu na majani mafupi. Freyeria trochylus. Bawa lake moja halizidi sana sentimita moja, ni mmoja wa vipepeo wadogo kabisa Afrika. Juu ni kahawia tu dume na jike, hana bluu ya maana, lakini chini mwisho wa bawa la nyuma ana utepe wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, na ndani ya kila doa kuna vichembe vinavyomeremeta kijani na bluu. Ukimwona kwa lenzi hutamsahau. Nampenda kuliko wote niliowataja leo na watu wengi wanamkanyaga bila kujua.

SWALI: Shikamoo. Sisi ni klabu ya mazingira ya shule moja Arusha, tumeona sisimizi wamemzunguka kiwavi wa kijani kwenye mmea wanamgusa gusa na hawamli, je wanamlinda? Na tunataka kutenga sehemu ya uwanja kwa ajili ya vipepeo wa bluu, mkuu wa shule anataka nyasi zifyekwe zote, tumwambie nini? – Wanaklabu wa Arusha

JIBU: Marahaba wanangu. Ndiyo, wanamlinda, na wanalipwa. Viwavi wengi wa familia hii ya Lycaenidae wana tezi mgongoni karibu na mwisho wa mwili inayotoa tone tamu, sisimizi akimpapasa na papasi zake tone linatoka, analinywa. Wengine pia wana vijinyoya viwili vinavyochomoza na kuingia huko nyuma, vinatoa harufu inayowafanya sisimizi wachangamke. Kwa kuwepo hapo wanawafukuza nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Kwa hiyo mkitafuta viwavi msitafute viwavi, tafuteni sisimizi waliojazana mahali pamoja kwenye mmea usio na vidukari. Wapo walioenda mbali zaidi, jenasi ya Lepidochrysops, hawa ni vipepeo wa bluu wakubwa wakubwa wa savana zetu, kiwavi anaanza kwa kula maua ya mimea ya jamii ya kivumbasha na wenzake, akikua kidogo sisimizi wa jenasi ya Camponotus wanambeba wenyewe mpaka ndani ya kichuguu chao, na humo anakula watoto wao mpaka anatoka kipepeo.

Kuhusu nyasi, mwambieni mkuu wa shule kwa heshima kwamba hamwombi uwanja uwe pori, maana hawa wa nyasi wenyewe hawapendi majani marefu. Uingereza walikuwa na kipepeo mkubwa wa bluu, Phengaris arion, ambaye naye anategemea sisimizi, Myrmica sabuleti. Walimwekea uzio, mifugo ikaacha kuchunga, majani yakarefuka, udongo ukapoa kwa kukosa jua, sisimizi wale wakaondoka na mwaka 1979 kipepeo akaisha nchi nzima, ikabidi miaka ya 1980 waletewe wengine kutoka Sweden baada ya mtafiti Jeremy Thomas kugundua ni sisimizi gani hasa na wanataka majani ya urefu gani. Kwa hiyo kufyeka siyo ubaya, ubaya ni kufyeka kote siku moja mpaka udongo, na kupiga dawa ya magugu.

Gaweni kipande chenu mara mbili, fyekeni nusu, ile nyingine mngoje wiki tatu nne ndo muifyeke, hivyo kila wakati kuna maua na kuna majani yenye mayai. Wembe wa slesha uupitishe juu kidogo, kimmea kile chenye majani matatu kinabaki salama kwa sababu kinatambaa. Mchicha wa kujiotea uacheni kwenye kona ya uzio. Mbigili ndo chakula kizuri sana cha viwavi lakini miiba yake itawachoma miguu, ing'oeni palipo na njia ya watu na muiache tu kule nyuma ambako hakuna anayepita. Kila mkimwona kipepeo andikeni tarehe, saa, mmea aliotua na kama ni dume au jike, mpigeni picha akiwa amefunga mabawa, kamera iwe usawa wake kwa ubavu siyo kwa juu, asubuhi kabla jua halijapanda sana bado wana ubaridi hawakimbii. Doa lile la katikati ya bawa la mbele mkilikosa kwenye picha msijaze jina, acheni nafasi wazi kwenye daftari.